Rangi za Timu, Usalama wa Wote: Mwongozo wa Kupamba Chombo cha Usafiri

Somo kwa wamiliki, madereva na abiria wa Handeni na Korogwe

Utangulizi

Mpira wa miguu una nafasi kubwa katika maisha ya wakazi wa Handeni na Korogwe. Young Africans, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, zina makao yake Kariakoo, Dar es Salaam, lakini wapenzi wake wametapakaa kuanzia Chanika na Kabuku hadi Manundu, Mombo na Magoma. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, ndiyo timu ya nyumbani mkoani Tanga, na ikicheza Mkwakwani mashabiki wa wilaya hizi mbili hupanga safari. Mwaka 2027 Tanzania, kwa kushirikiana na Kenya na Uganda, itakuwa mwenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na rangi za Taifa Stars zitaongezeka barabarani.

Mapenzi hayo huonekana kwenye vyombo vya usafiri. Bajaji huvalishwa kijani na njano, Noah hufungwa bendera nyekundu na nyeupe, bodaboda hubandikwa picha ya mchezaji kwenye tangi la mafuta. Hakuna sheria inayomkataza mwananchi kuipenda timu yake hadharani, nasi katika kijitabu hiki hatukusudii kumnyima mtu furaha hiyo. Hata hivyo, yapo mapambo yanayomziba dereva macho, yapo yanayozima taa, na yapo yanayoficha namba za usajili. Mapambo ya namna hiyo humhatarisha dereva, abiria wake, mwenda kwa miguu na hata shabiki wa timu pinzani anayekuja upande wa pili wa barabara.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji anatarajiwa aweze kulipima pambo lolote kabla ya kulifunga, kutambua linaloruhusiwa na lisiloruhusiwa, na kujua haki zake iwapo yeye ni abiria.

Kanuni ya msingi

Kila chombo cha usafiri kina lugha yake. Taa ya breki husema, "Nasimama." Indiketa husema, "Nageuka." Taa nyeupe za mbele husema, "Nakuja kwako," na taa nyekundu za nyuma husema, "Naenda mbele yako." Namba za usajili hutaja chombo ni kipi. Lugha hii husomwa na kila mtu barabarani, awe Mwananchi wa Jangwani au Mnyama wa Msimbazi. Pambo jema ni lile linaloacha lugha hiyo isomeke vilevile kama lilivyolikuta.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo sasa ni Sura ya 168 ya Sheria za Tanzania, inataka kila chombo kinachotumika barabarani kiwe katika hali isiyohatarisha watu. Kwa hiyo gari lililokuwa salama asubuhi laweza kuwa bovu machoni pa sheria jioni, kwa sababu ya pambo tu. Ili kurahisisha kazi, tumeigawa kanuni hii katika maswali manne:

1. Je, dereva anaona?
2. Je, chombo kinaonekana na kueleweka?
3. Je, chombo kinatambulika?
4. Je, pambo limefungwa imara?

Jibu la "hapana" kwa swali moja tu latosha kuliondoa pambo.

Swali la kwanza: Je, dereva anaona?

Kioo cha mbele, vioo vya milango ya mbele na vioo vya pembeni ni macho ya gari. Pambo dogo lililo karibu na jicho huficha kitu kikubwa kilicho mbali. Tuchukue mfano wa kibendera chenye upana wa sentimita 10 kilichoning'inizwa kwenye kioo cha ndani, sentimita 60 kutoka usoni kwa dereva. Kwa kila jicho, kibendera hicho huficha upana wa mita 5 za barabara iliyo umbali wa mita 30. Hata macho yote mawili yakisaidiana, hubaki pengo la karibu mita 2 ambalo dereva halioni kabisa. Bodaboda na aliyempakia huingia katika pengo hilo bila kubakiza kitu. Ng'ombe anayevuka barabara kando ya Sindeni vilevile.

Pambo linaloning'inia lina kasoro nyingine: hucheza. Jicho la binadamu huvutwa na kitu kinachotikisika, na kila linapovutwa gari huendelea kwenda. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi, gari husafiri karibu mita 14 kwa kila sekunde. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mabasi ya abiria nje ya maeneo hayo, husafiri zaidi ya mita 22.

Hivyo basi:

- Skafu, kibendera, jezi ndogo au mdoli visining'inizwe kwenye kioo cha ndani chombo kikiwa safarini. Viwekwe kwenye kioo cha nyuma ya kiti cha mwisho, na hata huko visizibe mwono wa nyuma.
- Stika zisibandikwe katika eneo linalofagiliwa na waipa. Maandishi makubwa ya jina la timu yanayowekwa juu ya kioo cha mbele mara nyingi hushuka hadi usawa wa macho, hasa kwa dereva mrefu.
- Soksi za kitambaa zinazovalishwa vioo vya pembeni zifunike mgongo wa kioo peke yake. Zisifunike indiketa iliyojengwa ndani ya kioo hicho, na zifungwe zisiweze kuteleza mbele.
- Karatasi za rangi zisibandikwe kwenye vioo vya milango ya mbele. Uingereza, mathalani, sheria yake hutaka kioo cha mbele kipitishe angalau asilimia 75 ya mwanga na vioo vya ubavuni mbele asilimia 70. Sababu yake inaeleweka popote: kioo kinachovumilika saa sita mchana huwa ukuta saa moja usiku.
- Kitambaa cha rangi kali, hasa nyeupe au njano, kisitandazwe juu ya dashibodi. Jua la mchana hukipiga na kuonesha kivuli chake kwenye kioo cha mbele, na dereva huangalia barabara kupitia kivuli hicho.

Barabara ya kupanda milimani kutoka Mombo, pamoja na njia za Bungu, huwa na ukungu katika baadhi ya miezi. Katika mazingira hayo, mwono uliopunguzwa kidogo na pambo na kidogo na ukungu huweza kwisha kabisa kwenye kona.

Swali la pili: Je, chombo kinaonekana na kueleweka?

Mapambo ya taa ndiyo yenye hatari kubwa kuliko yote, nayo huongezeka msimu wa mechi za watani wa jadi. Shabiki wa Simba hubandika karatasi nyekundu kwenye taa za mbele. Wa Yanga hubandika ya kijani. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, karatasi hupunguza mwanga, na dereva huona umbali mfupi. Mwongozo wa barabara wa Uingereza hukadiria kwamba gari linalokwenda takribani kilomita 80 kwa saa huhitaji mita 53 kusimama tangu dereva aone hatari, barabara ikiwa kavu. Dereva ambaye taa zake zinamulika mita 30 tu atagonga kwanza ndipo asimame. Pili, rangi huvuruga ujumbe. Nyekundu ni rangi ya nyuma ya gari. Anayekutana na taa nyekundu gizani huamini kuwa gari lile linakwenda mbele yake, ilhali linamjia.

Wakazi wa Korogwe hawajausahau usiku wa Februari 2023, pale Magira Gereza, lori aina ya Fuso lilipogongana na Coaster iliyobeba waombolezaji kuelekea Rombo, na watu wasiopungua 17 wakapoteza maisha. Ajali ile haikuhusiana na mapambo, wala hatuitaji kwa ajili ya kumlaumu mtu. Tunaitaja kwa sababu barabara inayopita Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe na Mombo ni njia kuu ya malori na mabasi usiku na mchana. Katika barabara kama hiyo, kila anayekutana nawe anategemea taa zako kujua uko wapi, unaelekea wapi na kwa kasi gani.

Kwa sababu hiyo:

- Usipake rangi, usibandike wala usifunike taa yoyote: za mbele, za breki, za nyuma, indiketa wala ya kurudi nyuma.
- Viakisi mwanga, vile vipande vinavyong'aa vikipigwa na taa, visifunikwe. Gari likizima usiku porini, hivyo ndivyo vitakavyokusemea.
- Taa za kumweka za rangi nyekundu au bluu, pamoja na ving'ora, zimetengwa kwa magari ya dharura kama ya Polisi, Zimamoto na wagonjwa. Ushabiki si dharura.
- Mkanda wa taa ndogo za rangi ndani ya gari usiwashwe chombo kikitembea usiku. Mwanga wa ndani hufanya kioo cha mbele kiakisi sura za waliomo ndani.

Aliyepita barabara za vumbi za vijiji vya Handeni ajue pia kwamba pambo lisilo na kosa laweza kushirikiana na vumbi kuzima taa. Kitambaa kilichofungwa kwenye buti hukusanya vumbi na kuliangushia kwenye taa za nyuma. Unapofika kwenye lami, simama mahali salama, futa taa na namba, kisha endelea.

Swali la tatu: Je, chombo kinatambulika?

Namba za usajili ni kitambulisho cha chombo. Zikifichwa, aliyegongwa hawezi kumpata aliyemgonga, na abiria aliyesahau mzigo hawezi kuutafuta. Kibao cha gari binafsi ni cha njano na cha gari la biashara ni cheupe, na herufi zake ni nyeusi. Mpenzi wa Yanga asidhani kuwa njano ile imewekwa kwa ajili yake, akaongeza kijani pembeni. Kibao kisichorwe, kisibandikwe nembo, kisifunikwe na bendera wala kuzungushiwa fremu inayokula herufi.

Rangi ya gari nayo ni sehemu ya utambulisho. Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutaja rangi ya gari. Stika chache ubavuni haziibadilishi. Lakini ukipaka upya gari zima, au ukalibandika karatasi ya rangi nyingine toka boneti hadi buti, gari lako halifanani tena na kadi yake. Kabla ya kufanya hivyo, fika ofisi ya TRA iliyo karibu nawe upate utaratibu wa kubadilisha taarifa. Askari anayelinganisha gari nyekundu na kadi iliyoandikwa "nyeupe" ana sababu ya kushuku wizi, na maelezo kwamba Simba ilishinda hayatamtosha.

Kwa magari ya abiria kuna jambo la ziada. Leseni ya usafirishaji hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019. Jina la njia, ufito wa rangi pale ulipowekwa, na stika zinazotakiwa kisheria ni taarifa za abiria. Bibi anayekwenda Magoma anastahili kuliona jina la Magoma kabla ya kuiona picha ya mchezaji. Mmiliki anayetaka kulipamba basi lake kwa kiasi kikubwa aulize kwanza ofisi ya LATRA mkoani Tanga.

Bendera ya Taifa na Nembo ya Taifa zinalindwa na sheria na zinastahili heshima. Zisiandikwe jina la mchezaji, zisichanganywe na nembo ya klabu, zisikatwe kuwa vitambaa vya kufungia vioo. Shabiki wa Taifa Stars anaweza kutumia rangi za jezi ya timu bila kuigusa bendera yenyewe.

Swali la nne: Je, pambo limefungwa imara?

Upepo unaolisukuma pambo hauongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo huongezeka takribani mara nne. Bendera iliyotulia gari likienda kilomita 40 kwa saa mitaani Manundu, huvutwa kwa nguvu mara nne gari likifika kilomita 80 kwenye barabara ya Segera. Kijiti chake cha plastiki kikivunjika, kitaruka kuelekea kioo cha gari la nyuma au uso wa mwendesha pikipiki.

Tunashauri yafuatayo:

- Bendera ya dirishani itumike mitaani kwa mwendo mdogo. Kabla ya kuingia barabara kuu, ishushwe na kuwekwa ndani.
- Mti, bomba au fimbo ndefu visitolewe nje ya gari, wala mtu asiishike bendera kwa mkono dirishani. Mkono uliotolewa nje hukutana na kioo cha gari linalopishana nalo.
- Bendera kubwa isitandazwe juu ya boneti. Upepo ukiingia chini yake huifunua na kuifunika kioo chote cha mbele kwa mara moja.
- Kitambaa kisikaribie matundu ya kupoozea injini, bomba la moshi wala magurudumu.

Umeme na mifuko ya hewa

Magari mengi yanayoingia nchini yakiwa yametumika, kama vile IST, Noah na Alphard, yana mifuko ya hewa iliyofichwa ndani ya usukani na dashibodi, na baadhi yake pembeni mwa viti. Mfuko huo hufumuka kwa kasi kubwa sana mgongano unapotokea. Nembo ya chuma au plastiki ngumu iliyogundishwa katikati ya usukani hurushwa usoni kwa dereva. Mdoli wa simba uliogundishwa juu ya mfuko wa abiria hurushwa kwa mtoto aliyekaa mbele. Mifuniko ya viti yenye rangi za timu nayo huweza kuuzuia mfuko wa pembeni usifumuke. Angalia penye maandishi "SRS AIRBAG". Hapo pasiwekwe kitu.

Taa za mapambo nazo zifungwe na fundi umeme wa magari, kwa waya wa unene unaofaa na fyuzi yake. Waya uliounganishwa kiholela huchubuka, hugusa bodi na huweza kuwasha moto. Moto ukitokea, simamisha gari, zima injini, toa watu wote, kisha piga simu Zimamoto kwa namba 114.

Pikipiki na bajaji

Vijana wengi wa Handeni na Korogwe hupata riziki kwa bodaboda na bajaji, na vyombo hivi ndivyo hupambwa zaidi.

Skafu ndefu, kanga au bendera isivaliwe shingoni wala kufungwa nyuma ya kiti ikining'inia. Kitambaa kikiingia kwenye mnyororo au gurudumu, humvuta aliyekivaa kabla hajajua kilichotokea. Abiria aliyevaa skafu ya timu aichomeke ndani ya koti kabla ya kupanda.

Kofia ngumu isipakwe rangi ya kawaida wala kusafishwa kwa petroli au tina. Kemikali hizo hudhoofisha gamba la kofia nyingi za plastiki, na udhaifu huo hauonekani kwa macho. Stika ndogo inatosha, na isiwekwe kwenye kioo cha kofia. Vilevile, furaha ya ushindi haihalalishi mishikaki: bodaboda hubeba abiria mmoja, naye avae kofia.

Kwa bajaji, mapazia ya rangi za timu yasizibe ubavu ambao dereva hutumia kutazama nyuma, na bango la nyuma lisizibe taa.

Kuna jambo la mwisho ambalo vijana husahau. Wengi huendesha chombo kwa mkataba, wakipeleka hesabu kwa mmiliki hadi kitakapokuwa chao. Mpaka siku hiyo ifike, chombo ni cha mwenyewe. Omba ridhaa yake kabla ya kukipaka rangi, na ikiwezekana iandikwe. Mmiliki wa Simba aliyekuta pikipiki yake imegeuka ya kijani ana haki ya kudai gharama za kuirudisha ilivyokuwa.

Siku ya mechi: msafara na safari ya kukodi

Abiria wote, hata wa gari lililopambwa, wakae vitini na kufunga mikanda. Kukaa juu ya mlango kiwiliwili kikiwa nje, kusimama kwenye keria au kuning'inia mlangoni ni hatari, nayo haigeuki kuwa salama kwa sababu magari yapo mengi. Msafara hauna haki ya kupita kwanza kwenye makutano wala kivuko cha wenda kwa miguu. Honi ni ya kutahadharisha. Isipigwe mfululizo, hasa karibu na hospitali, nyumba za ibada na shule.

Mashabiki wanapokodi daladala kwenda Mkwakwani, wahakikishe mmiliki amepata kibali. Gari lenye leseni ya njia ya Korogwe hadi Mombo halina ruhusa ya kwenda Tanga kwa sababu tu limekodiwa na limefungwa bendera. Ajali ikitokea nje ya masharti ya leseni, madai ya bima huweza kuingia katika mgogoro, na wanaoumia kwa mgogoro huo ni abiria na familia zao.

Haki za abiria

Abiria hakununua ushabiki wa dereva, amenunua safari. Kwa hiyo:

- Ana haki ya kusafirishwa bila kuulizwa timu yake na bila kuteremshwa kwa sababu ya jezi aliyovaa.
- Ana haki ya kulipa nauli isiyozidi iliyoidhinishwa, na kupewa tiketi. Siku ya mechi haina nauli yake.
- Ana haki ya kumwomba dereva au kondakta aondoe pambo linaloziba kioo au taa. Aombe kwa upole, na asione haya. Maisha yaliyomo ndani ya gari ni pamoja na yake.
- Asiposikilizwa, aandike namba za usajili, njia, tarehe na saa, kisha atoe taarifa kwa askari wa usalama barabarani au ofisi ya LATRA. Malalamiko yenye maelezo hayo manne hufuatiliwa kwa urahisi.

Unaponunua mapambo

Nembo ya klabu ni mali ya klabu. Bidhaa bandia huinyima timu mapato, na mara nyingi humharibia mnunuzi gari kwa gundi mbaya inayong'oka na rangi. Tume ya Ushindani (FCC) husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayokataza bidhaa bandia. Mnunuzi ajizoeze mambo matatu: aulize bidhaa imetoka wapi, adai risiti, na aijaribu stika mahali padogo pasipoonekana kabla ya kuibandika kote. Kwa fundi rangi, wakubaliane kwa maandishi bei, eneo litakalopakwa na siku ya kukamilisha.

Zoezi la kujipima

Jibu maswali haya kabla ya kusoma majibu yake.

1. Dereva wa Coaster ameandika jina la timu kwa herufi kubwa kwenye kioo chote cha nyuma, na gari lina vioo viwili vya pembeni vilivyo kamili. Je, afanye nini?
2. Mwenye IST ameweka stika mbili za nembo kwenye milango ya nyuma. Je, anahitaji kubadilisha kadi ya gari?
3. Kijana wa bodaboda amebandika karatasi ya njano kwenye taa ya nyuma "kidogo tu". Je, kuna kosa?
4. Konda amekataa kumpakia mwanafunzi aliyevaa jezi ya timu pinzani, kwa utani. Je, utani huo unakubalika?

Majibu

1. Aondoe maandishi au ayapunguze. Vioo vya pembeni havioneshi kilicho nyuma kabisa ya gari, mathalani mtoto aliyeinama stendi.
2. La. Rangi ya gari haijabadilika.
3. Ndiyo. Taa ya nyuma ni nyekundu, na "kidogo" hicho hubadilisha rangi na kupunguza mwanga.
4. La. Utani wa jadi ni wa kijiweni. Mwanafunzi aliyeachwa barabarani jioni amenyimwa huduma.

Hitimisho

Kabla ya kuwasha injini siku ya mechi, mwombe mtu mmoja asimame mbele ya chombo na mwingine nyuma. Washa taa zote, kanyaga breki, washa indiketa kulia na kushoto. Wakuambie wanachokiona, nao wasome namba kwa sauti wakiwa hatua 20 kutoka hapo. Kisha kaa kwenye kiti cha dereva, geuza shingo pande zote, na utikise kwa mkono kila kilichofungwa nje. Kazi hiyo haifiki dakika 5. Chombo kikifaulu, peperusha rangi zako. Kikishindwa, ondoa kilichokishinda na ujaribu tena kabla ya kuondoka.